Kazi za Mikono kwa Watoto wa Shule ya Msingi: Miradi Minne ya Kuanzia

Maswali ya walimu wanaoanza kufundisha sanaa huwa yale yale. Nianze na mradi gani? Vifaa gani ni vya lazima? Nifanyeje ili rangi isiishie sakafuni na kwenye sare za shule? Na lile gumu kuliko yote: nimwambie nini mtoto anayesukuma karatasi pembeni akisema hajui kuchora?

Hapa kuna miradi minne: kuchanganya rangi, kupiga chapa, kufuma, na kufinyanga udongo. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kila mmoja una stadi ambayo mkono wa mtoto utaondoka nayo, na kila mmoja una mahali ambapo mtoto lazima aamue jambo mwenyewe. Hilo la pili ndilo ninalolipima kwanza. Ukimaliza kipindi ukabandika kazi arobaini ukutani na zote zikafanana, basi kazi ni moja tu, nayo ni yako. Watoto walikukopesha mikono. Wafundishe namna ya kushika mkasi, kubonyeza, kuunga na kufunga uzi jinsi inavyotakiwa. Lakini picha, umbo na uchaguzi wa rangi uwaachie wenyewe.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwa miradi yote:

- Magazeti ya zamani au plastiki ya kutandika mezani.
- Ndoo mbili za maji, moja ya kuoshea na moja ya kusuuzia.
- Vitambaa au vipande vya sponji, angalau kimoja kwa kila watoto wawili.
- Mashati makubwa ya zamani, yavaliwe kinyume ili vifungo viwe mgongoni.
- Penseli za kuandikia majina.
- Mahali pa kuanikia: kamba na vibanio, au rafu tambarare isiyoguswa na mtu.

Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika mara nyingi. Kabla hujagawa karatasi hata moja, jiulize kazi zote mbichi za darasa zima zitalala wapi hadi zikauke. Kama huna jibu, leo fanya mradi wa kufuma, maana uzi haukaushwi.

Kwa kila mradi:

- Kuchanganya rangi: rangi nzito inayoyeyuka kwa maji (nyekundu, njano, buluu na nyeupe), brashi za ukubwa wa kati, karatasi nene, vifuniko vya plastiki vya kuchanganyia, mkasi na gundi.
- Chapa: bamba laini la kuchorea (nitalieleza mbele), wino wa chapa unaoyeyuka kwa maji au rangi nzito, rola ndogo au kipande cha sponji, kijiko, karatasi nyembamba.
- Kufuma: kadibodi ngumu, uzi imara wa pamba, nyuzi nene za rangi mbalimbali, sindano kubwa butu, uma, rula, tepu.
- Udongo: udongo wa mfinyanzi, mfuko wa plastiki usiotoboka, mswaki wa zamani au uma, kibakuli kidogo cha maji.

Tahadhari kuhusu rangi: soma kibandiko. Rangi za watoto zinazouzwa Marekani mara nyingi huwa na alama ya AP, na zile za Ulaya huandikwa EN 71. Zote zinaonyesha kwamba rangi imepimwa usalama wake. Usichukue rangi ya ukutani iliyobaki stoo, hasa ya zamani, kwa sababu inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Rangi ya mafuta na dawa ya kuipunguzia nazo zisiingie darasani. Chombo kilichowekwa rangi au udongo kisirudi jikoni tena.

Kupanga kipindi

Fanya mradi mwenyewe kwanza, nyumbani, kwa vifaa vilevile utakavyowapa watoto. Si kwa vifaa bora zaidi. Hapo ndipo utakapogundua kwamba gundi ni nyepesi mno au kadibodi haikatiki kwa mkasi wa watoto.

Kipindi cha dakika 40 kigawe hivi: dakika 5 za kuonyesha, 25 za kazi, 10 za usafi. Usizile zile 10. Mwalimu anayebaki peke yake kuosha brashi baada ya kila kipindi hatafika mwisho wa muhula akiwa bado anaipenda kazi hii, na watoto nao watakuwa wamenyimwa sehemu ya ufundi, kwa sababu kutunza vifaa ni ufundi.

Ukionyesha, onyesha kitendo, kisha ficha mfano wako. Mfano uliokamilika ukikaa mbele ya darasa kipindi kizima, watoto wataunakili, tena wale wanaojishuku ndio watakaouganda zaidi.

Mradi wa kwanza: Rangi tatu tu

Unafaa kuanzia miaka 6. Unahitaji vipindi viwili.

1. Mpe kila mtoto, au kila wawili, kijiko kidogo cha nyekundu, njano na buluu kwenye kifuniko. Nyeupe ibaki kwako kwanza.
2. Toa sharti moja: hakuna rangi itakayofika kwenye karatasi kama ilivyotoka chupani. Kila rangi lazima iwe imechanganywa na mtoto mwenyewe.
3. Waanze na njano. Wachukue buluu kidogo kwa ncha ya brashi, wakoroge, wapake doa la ukubwa wa kiganja. Waongeze buluu tena kidogo, wapake doa jingine pembeni. Waendelee hadi kijani kikaribie kuwa buluu.
4. Waoshe brashi, waikaushe kwa kitambaa, kisha wafanye vivyo hivyo kutoka njano kwenda nyekundu.
5. Sasa leta nyeupe. Waichanganye na rangi zao walizokwisha kuzitengeneza, si na zile za mwanzo.
6. Kila mtoto azipe majina rangi tatu anazozipenda na kuyaandika kwa penseli kando ya doa. Majina ya kubuni kabisa. Sehemu hii haichukui muda mrefu, lakini mtoto aliyekwisha kuipa rangi jina hataisahau namna alivyoipata.
7. Kipindi cha pili, madoa yakiwa yamekauka, wayakate kwa mkasi na kuyapanga juu ya karatasi mpya kuwa picha. Gundi ije mwisho, baada ya vipande kuhamishwahamishwa mara kadhaa.

Hatua ya saba ndiyo inayowaokoa wale wanaoogopa penseli. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse, afya yake ilipodhoofika baada ya upasuaji wa mwaka 1941, alizidi kutegemea mkasi na karatasi zilizopakwa rangi, na baadhi ya kazi zake zinazojulikana zaidi ni za miaka hiyo ya mwisho. Waambie watoto habari hiyo. Inawaonyesha kwamba kukata si njia ya walioshindwa kuchora.

Makosa ya kawaida: kuanza na rangi iliyokolea na kuiongezea ile isiyokolea. Njano inamezwa upesi. Ukianza na buluu utamwaga nusu chupa ya njano kabla kijani hakijaonekana. Na kama nyekundu yako inaelekea chungwa, ukiichanganya na buluu hutapata zambarau safi, utapata kahawia. Tafuta nyekundu inayoelekea waridi.

Mradi wa pili: Chapa

Kuanzia miaka 7. Uzuri wa chapa ni kwamba picha moja inazaa nyingi, kwa hiyo mtoto ana ruhusa ya kujaribu tena bila kupoteza alichokwisha kukifanya.

Bamba linaweza kuwa sahani au trei nyepesi ya plastiki yenye povu, ile ambayo ukiibonyeza kwa ukucha alama inabaki. Kata kingo zilizoinuka ubaki na sehemu tambarare, na iwe safi kabisa. Usipoipata, kata maumbo ya kadi nyembamba uyagandishe juu ya kadi nyingine, uache yakauke. Yale yaliyoinuka ndiyo yatakayoshika wino.

1. Watoto wachore kwanza kwenye karatasi yenye ukubwa sawa na bamba. Mistari michache, mikubwa. Nywele za kope na majani madogo madogo hayatatokea.
2. Weka karatasi juu ya bamba na upitishe penseli butu juu ya mistari. Ondoa karatasi, kisha rudia mistari moja kwa moja kwenye bamba hadi iwe mifereji inayoonekana, bila kutoboa.
3. Mwaga wino kidogo, kama kijiko cha chai, kwenye plastiki tambarare. Uviringishie rola huku na huku hadi wino utandazwe sawasawa na rola itoe mlio mdogo wa kunatanata.
4. Paka bamba kwa rola, tabaka nyembamba, kwa kwenda wima kisha kulala. Mifereji ibaki wazi.
5. Hamishia bamba kwenye gazeti safi. Usiruke hatua hii, la sivyo wino wa mezani utaingia kwenye picha.
6. Laza karatasi juu taratibu, na ikishagusa isisogezwe. Sugua mgongo wake kwa kijiko, kuanzia katikati kwenda pembeni, bila kusahau pembe.
7. Inua pembe moja, chungulia. Kama kuna sehemu hafifu, irudishe na usugue tena. Kisha bandua.
8. Rudia angalau mara tatu. Chapa ya kwanza mara nyingi huwa hafifu kwa sababu bamba bado linanywa wino.
9. Zikikauka, mtoto aandike chini ya picha kwa penseli: upande wa kushoto 1/3, 2/3, 3/3, upande wa kulia jina lake. Ndivyo wachapaji wa sanaa wanavyofanya, na watoto huipenda sana sehemu hii.

Onya mapema: kila kitu kitatokea kinyume. Anayetaka kuandika jina lake kwenye picha aliandike kwenye karatasi ya hatua ya kwanza, aigeuze, aitazame kwenye mwanga wa dirisha, kisha afuatishe mistari inayoonekana kwa nyuma. Karatasi ilazwe kwenye bamba ikiwa bado imegeuzwa hivyo. Usipolisema hili mwanzoni, utakuwa na watoto wenye huzuni mwishoni.

Kwa wale wa miaka 10 na kuendelea kuna hatua ya ziada. Wakishachapa nakala kadhaa kwa rangi isiyokolea, waoshe bamba, waongeze mistari mipya, kisha wachape juu ya nakala zilezile kwa rangi iliyokolea zaidi. Waweke alama za penseli mahali pembe za bamba zilipokaa ili picha mbili zikutane. Hapa wanajifunza kupanga mambo kabla ya kuyatenda, na hakuna haja ya kuwahubiria.

Mradi wa tatu: Kufuma kwenye kadibodi

Kuanzia miaka 8 kwa uzi. Wale wa miaka 6 na 7 waanze kwa vipande vya karatasi: karatasi moja inakatwa mistari bila kufika ukingoni, na vipande vya rangi nyingine vinapenyezwa juu, chini, juu, chini. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837 huko Bad Blankenburg, aliweka kufuma karatasi miongoni mwa kazi za mikono za watoto, na bado sijaona mlango bora wa kuingilia.

Nyuzi zinazosimama kwenye kadi ni mtande. Uzi unaopita kati yake ni mshindio. Tumia maneno hayo na watoto. Ni mazuri na yatawasaidia kufuata maelekezo.

1. Kata kadibodi ya sentimita 15 kwa 20. Kwenye pande zote mbili fupi, weka alama kila sentimita 1, ukiacha sentimita 1 kila pembe. Utapata alama 14 juu na 14 chini.
2. Kata kila alama kwa kina cha nusu sentimita. Kwa watoto wadogo fanya wewe mwenyewe kabla ya kipindi.
3. Bana ncha ya uzi wa mtande kwa tepu nyuma ya kadi. Uvute mbele kupitia mkato wa kwanza wa juu, ushuke hadi mkato wa kwanza wa chini, upite nyuma hadi mkato wa pili wa chini, upande hadi mkato wa pili wa juu, upite nyuma hadi wa tatu. Endelea hadi mwisho, bana kwa tepu. Mbele utaona nyuzi 14 zilizonyooka; nyuma ni vitanzi vidogo tu.
4. Pima mshindio: urefu wa mikono miwili ya mtoto iliyonyooshwa. Mrefu kuliko hapo utajisokota na kuleta machozi.
5. Tunga kwenye sindano. Anza chini: juu ya uzi wa kwanza, chini ya wa pili, juu, chini, hadi ukingoni. Acha mkia wa sentimita 5.
6. Geuka. Ulipopita juu sasa pita chini.
7. Kabla ya kuusukuma uzi chini, ulaze uwe na mgongo kama kilima. Kisha ushushe kwa uma. Kilima hicho ndicho kinachoupa mshindio nafasi ya kuzunguka nyuzi za mtande bila kuzivuta.
8. Ukibadilisha rangi, acha mkia, anza uzi mpya pale ule wa zamani ulipoishia. Mikia yote itafichwa nyuma kwa sindano mwishoni.
9. Fuma hadi kadi ijae kabisa, juu na chini. Kunja kadi kidogo, vua vitanzi kimoja kimoja. Kitambaa kikiwa kimejaa, vitanzi havitakimbia.

Hatua ya saba irudie kila kipindi, kwa sababu karibu kila anayeanza huvuta mshindio kwa nguvu, na kitambaa kinaingia ndani katikati kama mtu aliyejifunga mkanda. Waangalie ukingo: uzi wa kwanza na wa mwisho wa mtande lazima ubaki umenyooka. Ukiona umeanza kupinda, afumue mistari mitatu minne hapohapo. Akifika katikati ya kadi haiwezekani kurekebisha bila kuanza upya.

Kosa jingine ni mtande uliokazwa hadi kadi inapinda. Ukiudonoa kwa kidole, uwe na mnepo kidogo.

Mradi huu unachukua vipindi vitatu au vinne. Kila mtoto awe na bahasha yenye jina lake ya kuhifadhia kadi, sindano na nyuzi. Hesabu sindano kabla darasa halijatoka.

Wanaopenda wanaweza kufuma duara: kadi ya mviringo, tundu katikati, na mtande unaotoka kwenye tundu kwenda ukingoni pande zote. Hapo mikato lazima iwe namba witiri, 13 au 15, kwa sababu mshindio unazunguka bila kugeuka. Ikiwa shufwa, mzunguko wa pili utapita juu palepale wa kwanza ulipopita na hakuna kitakachofumika.

Mradi wa nne: Kibakuli cha udongo

Miaka yote ya shule ya msingi. Kama ningeruhusiwa kufundisha mradi mmoja tu kwa mwaka, ningefundisha huu. Udongo unajibu kila kitu mkono unachofanya, papo hapo, na mtoto ambaye penseli haijawahi kumtii huweza kugundua kwamba vidole vyake vina akili yake.

1. Pima udongo: viringisha kipande kiwe kama kamba yenye unene wa kidole, kizungushe kwenye kidole chako. Ukipasuka, umekauka, nyunyiza maji na ukande. Ukinata mkononi, una maji mengi. Utandaze juu ya kitambaa au kadibodi uache kwa muda.
2. Mpe kila mtoto donge la gramu 300 hivi, linalokaa vizuri ndani ya viganja viwili. Alikande na kulipigapiga ili hewa itoke, kisha aliviringishe liwe mpira.
3. Ashike mpira kwa mkono mmoja, azamishe dole gumba katikati hadi ibaki sentimita 1 ya kitako.
4. Abonyeze kati ya dole gumba na vidole vingine, azungushe kidogo, abonyeze, azungushe. Aanze chini na kupanda taratibu. Mdomo wa kibakuli uwe wa mwisho. Akianza nao utapanuka na kulegea.
5. Ukuta uwe na unene wa sentimita 1 hivi kila mahali. Afumbe macho na kuupitishia vidole: unene usio sawa unasikika kwa vidole kabla haujaonekana kwa macho.
6. Nyufa azilainishe kwa kidole chenye unyevu. Si kwa kumwaga maji. Watoto hupenda maji, na maji mengi ndiyo yanayokifanya kibakuli kiporomoke, kwa hiyo weka kibakuli kimoja kidogo cha maji kwa watu wanne.
7. Sasa aamue. Kinaweza kubaki kibakuli, kikapinduliwa kuwa kobe, kikasimamishwa kuwa kichwa, au viwili vikaunganishwa midomo kuwa umbo lenye uwazi ndani. Umbo la namna hiyo litobolewe kitundu hewa itoke.
8. Kila kinachoongezwa, kama sikio, mguu au mshikio, kiungwe kwa utaratibu huu: kwaruza pande zote mbili kwa mswaki au uma, paka tope zito la udongo uleule, bonyeza, kisha sugua udongo wa upande mmoja uvuke kwenda upande wa pili hadi mstari upotee.
9. Andika jina kwenye kitako kwa ncha ya penseli.
10. Funika kwa plastiki bila kukaza kwa siku mbili au tatu, kisha funua. Kigeuze kila siku ili kitako nacho kipate hewa. Ukaushaji wote unaweza kufika wiki nzima au zaidi.

Hatua ya 8 ifanyieni mazoezi kwa vipande vya kutupa kabla ya kuanza. Kipande kilichobandikwa tu kinaonekana kimeshika wakati udongo ni mbichi. Udongo unasinyaa ukikauka, na siku hiyo sikio linaanguka lenyewe.

Ukiwa na tanuri, subiri udongo ukauke kabisa. Uguse kwa shavu: ukiwa wa baridi, bado una maji. Maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke tanuri ikipita nyuzi 100 za Selsiasi, na mvuke usiopata njia hupasua kazi, pengine pamoja na za majirani. Kwa hiyo panda polepole mwanzoni, na sehemu yoyote yenye unene unaozidi sentimita 2 ikwanguliwe ndani mapema. Kuchoma kwa mara ya kwanza hufika takriban nyuzi 1000.

Huna tanuri? Fanya mradi vilevile. Kazi kavu inapakwa rangi ya kawaida na kudumu kama pambo. Waeleze watoto wazi kwamba haitashika maji na si ya kulia chakula, ili asitokee wa kwenda kuijaribu nyumbani na kuipoteza.

Tahadhari mbili ambazo hazina mjadala. Usifagie vumbi la udongo likiwa kavu. Lina chembe za silika zinazodhuru mapafu. Futa meza na sakafu kwa sponji yenye maji. Na usimwage maji ya udongo kwenye sinki, yataziba bomba. Watoto wanawie kwenye ndoo. Kesho yake udongo utakuwa umetuama chini, utamwaga maji ya juu nje na kurudisha udongo kwenye mfuko.

Mambo yakienda mrama

*Mtoto anasema hajui kuchora.* Utalisikia zaidi kuanzia miaka 9 hivi. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyechunguza michoro ya watoto, alieleza kwamba kati ya miaka 7 na 9 watoto wengi huchora kwa alama walizojiwekea, ardhi ikiwa mstari mmoja chini ya karatasi, na wanaridhika nazo. Karibu na miaka 9 wanaanza kutaka picha ifanane na kitu chenyewe, na wanaona pengo kati ya jicho na mkono. Basi mtoto huyu hajarudi nyuma. Jicho lake limekua. Usimwambie "ni nzuri" ilhali yeye anaona si nzuri. Mpe kitu halisi cha kutazama, mwulize ni sehemu gani inamsumbua, na mshughulikie hiyo tu.

*Anakuomba umchoree.* Chora kwenye karatasi yako, mwonyeshe, kisha ikunje uiweke mfukoni. Kalamu yako isiguse karatasi yake, hata kwa mstari mmoja.

*Amemaliza kwa dakika tano.* Usimpe karatasi mpya mara moja. Mwambie akae na kazi yake, ataje mahali pamoja penye uhai na mahali pamoja patupu. Mara nyingi ataona mwenyewe cha kuongeza. Na kama kweli amemaliza, amemaliza, aoshe brashi.

*Rangi zote zimegeuka kahawia.* Brashi hazioshwi, au maji ya kuoshea yamechafuka. Badilisha maji katikati ya kipindi.

*Chapa ina mabaka meupe.* Wino kidogo au kusugua kidogo. *Mistari imezibwa:* wino mwingi. Futa bamba, anza tena na tabaka nyembamba.

*Karatasi imejikunja.* Ni nyembamba kwa maji iliyopewa. Ikikauka kabisa, ilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha.

*Kibakuli kimepata ufa kikikauka.* Kimekauka haraka, au upande mmoja ni mwembamba kuliko mwingine. Ufa mdogo kwenye udongo ambao bado una unyevu unazibwa kwa kukwaruza na tope. Kwenye udongo mkavu kabisa haushiki vizuri. Rudisha donge kwenye ndoo ya maji, litayeyuka na kutumika upya.

*Mtoto hataki kugusa udongo.* Wapo ambao ubichi wake unawakera kweli, si utundu. Mpe kijiti cha kuchongea, au donge ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki alifinyange akiwa nje yake. Usimlazimishe mbele ya wenzake.

*Mkasi haukati kwa mtoto mmoja tu.* Tazama mkono wake. Mkasi wa kawaida ukishikwa kwa mkono wa kushoto, visu vyake huachana na mstari unafichwa. Nunua mikasi miwili mitatu ya mkono wa kushoto.

*Unatakiwa kutoa maksi.* Pima stadi uliyoifundisha na si mvuto wa picha: je, sikio limeungwa kwa kukwaruza na tope? Ukingo wa kitambaa umenyooka? Rangi zimechanganywa? Vigezo hivyo viandike ubaoni kabla kazi haijaanza. Kuhusu picha yenyewe, mwambie tu "nieleze hapa ulifanya nini", na anachokujibu kiandike kwa penseli nyuma ya karatasi pamoja na tarehe, kwa maneno yake mwenyewe.